Nguvu ya Maombi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

(Hotuba hii ilitolewa kwa viongozi wa vikundi vya maombi na wahudumu wa afya wa jamii. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale waliozuiwa na mvua. Maswali mawili yaliyoulizwa baadaye yako mwishoni.)

 

 Tunajua kuna walioacha mahindi juani, na mawingu yale mnayaona, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Tumeitana hapa watu wa kazi mbili. Upande huu wameketi wenzetu wa vikundi vya maombi, wale wanaokesha Ijumaa na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Upande ule wameketi wahudumu wa afya wa jamii na mikoba yao. Hebu angalieni jinsi mlivyoketi. Mmeacha njia katikati, pana kama ya bibi arusi. Hatukuwapanga sisi, mmejipanga wenyewe.

Tumekuwa tukisikia maneno. Mhudumu wa afya anasema, "Hawa watu wa maombi wanatuulia wagonjwa." Mtu wa maombi naye anasema, "Hawa wa mikoba hawana imani, tumaini lao ni vidonge tu." Na mgonjwa amelala hapo katikati akisikiliza. Jumapili anaambiwa amepona, Jumatatu anaambiwa ameze dawa. Amwamini nani?

Basi tuseme wazi mahali tunaposimama. Maombi yana nguvu. Hatusemi hivyo kwa sababu tuko kanisani na imetubidi. Tumeyaona. Tumeona mgonjwa aliyekataa chakula siku tatu akiitisha uji baada ya kuimbiwa na kuombewa. Tumeona ndugu wa baba mmoja, waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakishikana mikono juu ya kitanda cha mzee wao. Anayefikiri tumekuja kupunguza maombi amekosea mkutano. Swali letu ni moja: ni nani aliyesema kwamba maombi yanashindana na dawa?

Tumfungue Mfalme Hezekia, katika 2 Wafalme 20. Aliugua hadi karibu ya kufa, na nabii Isaya akaja kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana haponi. Mnajua alivyofanya. Aligeukia ukutani, akaomba, akalia sana. Isaya alikuwa hajamaliza hata kuvuka ua wa nyumba ya mfalme, neno la Mungu likamrudisha: maombi yamesikiwa, machozi yameonekana, mfalme ameongezewa miaka 15. Hapo wengi wetu tunafunga Biblia na kupiga makofi. Lakini someni mstari unaofuata. Isaya aliagiza zichukuliwe tini, wakaziponda, wakaziweka juu ya jipu. Ndipo akapona.

Sasa tuulizane. Maombi yalikuwa yamekwisha kujibiwa, tena upesi kuliko ya wengi wetu. Tini zilikuwa za nini? Aliyeagiza dawa ile hakuwa mganga wala mtu asiye na imani. Ni nabii yuleyule aliyeleta jibu la maombi, kwa kinywa kilekile. Hezekia hakusema, "Mimi nimeombewa, ondoeni matope hayo mguuni pangu." (Kama jipu lilikuwa mguuni hatujaambiwa. Lakini mnatuelewa.)

Tena wale wenye ukoma kumi wa Luka 17. Bwana Yesu aliwatuma wapi? Kwa makuhani. Na katika torati, Walawi 14, kuhani ndiye aliyekuwa akimkagua mtu aliyesema ukoma umemtoka, anamtazama ngozi. Yaani, mponyaji mwenyewe aliwapeleka wapimwe! Hakuogopa vipimo. Uponyaji wa Mungu hauna haja ya kujificha kliniki. Tukisikia mhubiri anamwambia mtu amepona na papo hapo anamkataza kupimwa, tujiulize anaficha nini.

Paulo naye alisafiri na Luka, ambaye katika Wakolosai 4 anaitwa tabibu. Alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake linalomsumbua. Alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto. Na huyu ni Paulo, mtu ambaye vitambaa vyake vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Hatumsikii akimlaumu Trofimo kwamba imani yake ilikuwa fupi.

Sasa tuje kwetu.

Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ya tisini. Kila Jumamosi mazishi. Fundi wa majeneza hakuwa na siku ya kupumzika. Ugonjwa haukutajwa kwa jina. Ilisemwa ni malaria, ni kifua, ni kurogwa. Ilikuwa Novemba 1999 Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na wakati huo mabibi vikongwe walikuwa wamekwisha kubaki na wajukuu. Makanisani tuliomba nini miaka ile? Tulimwomba Mungu alete dawa. Ng'ambo dawa zilikuwapo tayari, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Tukaomba mwaka hata mwaka, tumesimama juu ya udongo mbichi wa makaburi ya vijana wetu. Kisha dawa zikaja. Kufikia 2006 zilikuwa zikitolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Leo mtu mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku anazeeka, analima, anasomesha watoto, na mama anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi na kumlea.

Tuambieni basi. Mtu aliyeomba mvua miaka mitatu, ikanyesha, anafunika mapipa yake na kusema bado anangoja jibu la maombi?

Kuna dada mmoja, hatutamtaja wala kusema ni wa kanisa gani. Alikuwa amemeza dawa vizuri kwa miaka kadhaa. Siku moja kliniki wakampa majibu kwamba virusi havionekani tena katika damu yake. Akafurahi, na furaha hiyo ilikuwa haki yake. Akaenda kwenye mkesha fulani akatoa ushuhuda. Mhubiri mgeni aliyekuwa pale akalidaka neno lile juu kwa juu: havionekani, kwa hiyo havipo, havipo, kwa hiyo amepona, amepona, kwa hiyo kumeza dawa ni kumdharau Mungu. Watu wakapiga vigelegele. Usiku uleule mikebe ya dawa ikaingia chooni.

Hapa tufahamishane vizuri, na wahudumu mtusaidie kulieneza. Kutoonekana si kuisha. Dawa imevipiga virusi hadi vikawa vichache mno, kipimo hakiwezi kuvihesabu. Mtu akiwa hivyo na akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa, na hiyo ni habari njema kubwa ambayo watu wetu wengi hawajaisikia. Lakini vingine vimejificha ndani ya mwili vikingoja. Dawa ikikatizwa, katika muda wa majuma machache vinaanza kuzaana tena. Na mtu anayeacha akirudia, akirudia akiacha, virusi vyake vinaweza kuizoea dawa, ikawa haimfai tena.

Aliyegundua habari ya dada yule hakuwa daktari. Ni mama mmoja wa kikundi cha maombi, jirani, aliyeona siku ya kliniki imepita na dada hajatoka nyumbani. Hakumgombeza wala hakubishana naye juu ya mhubiri. Alikwenda jioni, akakaa, wakaomba pamoja hadi usiku ukaingia, na humo ndani ya maombi dada akalia na kusema alivyofanya. Alikuwa na hofu. Alihisi mwili unabadilika lakini aliona haya kurudi kliniki, na aliona haya zaidi kuonekana na kanisa kwamba muujiza wake umeharibika. Asubuhi yake yule mama akamwambia, "Maombi yetu tuyamalizie njiani." Wakapanda matatu pamoja, wakapiga foleni pamoja, na muuguzi hakumtukana. Dada yupo. Ana watoto wawili shuleni.

Tunataka mwone ni nini kilimrudisha dada yule. Karatasi ya kliniki ilikuwa kwenye meza yake muda wote na haikumsogeza hatua moja. Yule mama alifanya ambalo dawa haiwezi kufanya: alimpa moyo wa kubeba aibu yake hadi mlangoni. Ndugu zetu wa mikoba, msiidharau kazi hii. Kidonge hakina miguu.

Ugonjwa wa kifua kikuu unafanana kidogo na hayo. Dawa zake kwa kawaida humezwa miezi 6, na baada ya majuma machache tu kikohozi kinapungua, mwili unarudi, mtu anasema, "Mungu amenitendea." Kweli ametenda, lakini wadudu hawajaisha. Walio wagumu zaidi ndio waliobaki, na mtu akiacha hapo watainuka wakiwa sugu, na usugu huo atawagawia watoto anaolala nao chumba kimoja. Kisukari na presha, hivyo hivyo. Mtoto anayetegemea insulini akinyimwa hamalizi siku nyingi.

Kifafa kinataka maneno zaidi, maana ndicho kinachotupa tabu kuliko vyote. Tunajua mnafikiria Marko 9, yule kijana aliyekuwa akiangushwa motoni na majini. Haya, tuisome. Bwana Yesu alimponya, amina. Lakini kabla ya hapo alimwuliza baba yake swali: amekuwa hivi tangu lini? Kumbe hata yeye ajuaye yote aliuliza kwanza habari za mgonjwa. Sisi hatuulizi. Tunaingia tukipiga kelele na kumshika mtoto chini kwa nguvu watu wanne. Watoto wenye kifafa katika vijiji vyetu wamefichwa, wametolewa shuleni, wengine wamechapwa ati pepo atoke. Dawa ya kifafa ipo na si ya bei ya kutisha, na walio wengi wakiimeza bila kukosa huacha kuanguka au huanguka mara chache. Kuikatiza ghafla ni hatari, mtu anaweza kushikwa na degedege lisilokoma mpaka akafa. Akianguka mbele yenu, msimkandamize wala msimtie kijiko mdomoni. Mgeuzeni alale ubavu, ondoeni vitu vigumu, ombeni kwa sauti ya chini. Mungu anasikia.

Na kufunga. Hili hatuwezi kulipita, baada ya yale ya Shakahola. Aprili 2023 nchi yetu ilianza kufukua maiti katika msitu ule wa Kilifi, na kabla ya kazi kwisha miili ilikuwa zaidi ya 400, na watoto wengi ndani yake. Kesi zilipelekwa mahakamani, na sisi si mahakimu. Tunachosema ni kwamba watu wale hawakuanza na msitu. Walianza na maneno madogo ambayo sisi pia tunayasikia: shule ni ya dunia, hospitali ni ya dunia, mwenye imani hana haja nazo. Kwa hiyo katika vikundi vyetu, mtoto hafungi. Mjamzito hafungi, wala anayenyonyesha. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa za kifua kikuu, hao wasifungishwe. Afunge mwenye afya, na chakula alichokiacha akipeleke kwa asiye nacho. Isaya 58 imelieleza hilo kuliko tutakavyoweza sisi.

Mtu atatuuliza: kama dawa ndiyo inayofanya kazi, mnaombea nini? Tunaomba kwa sababu Bwana wetu aliomba, na aliomba mahali pagumu. Kule Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee. Hakikuondoka. Luka anasema malaika alitokea akamtia nguvu. Maombi yalijibiwa, lakini si kwa kuondoa mzigo. Alipewa bega la kuubeba. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake na ukabaki. Na katika Matendo 12, Petro anatolewa gerezani usiku kanisa likimwombea (nao walipoambiwa yuko mlangoni walikataa kuamini, wakasema msichana Roda ana wazimu, kwa hiyo tusijione sisi peke yetu ndio wa imani haba). Lakini mwanzo wa sura hiyohiyo Yakobo ameuawa kwa upanga. Kanisa lile halikumpenda Yakobo pungufu. Kwa nini mmoja akatoka na mwingine akafa, Luka hatuelezi, na anayewaambia kwamba anajua anawauzia kitu.

Tena mara nyingi anauza kweli. Familia yenye mgonjwa inaambiwa ipande mbegu, na mbuzi anauzwa, halafu hakuna nauli ya kwenda hospitali. Mgonjwa asipopona anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Yaani amepokonywa mbuzi, na lawama akaachiwa yeye.

Wazee wetu katika imani hawakuomba namna hiyo. Hospitali ya Chogoria ilianzishwa mwaka 1922 na Daktari Archibald Irvine, mmisionari kutoka Scotland, na kanisa likakua palepale hospitali ilipokua. Nenda Kijabe, nenda Tumutumu, nenda Kaimosi, nenda Maua: ukumbi wa sala na wodi viko boma moja. Na mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti, ambao katika mengine hawakubaliani, walikubaliana kuunda MEDS ili dawa nzuri zifike katika hospitali za makanisa. Watu hao walikuwa wakiomba. Walipoinuka magotini walijua cha kufanya.

(Ule msemo kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia, msiutafute katika Biblia. Haumo. Mungu amewasaidia wengi wasiojiweza, na ndio maana tunawatembelea.)

Limebaki moja lenye uchungu. Tumegeuza maombi kuwa matangazo. Mtu anasimama mbele ya kikundi, "Tumkumbuke dada yetu fulani, hali yake mnaijua." Kama mtu hajui, akitoka hapo anaanza kuuliza. Kufikia jioni soko lote linajua. Wagonjwa wanatukimbia kwa sababu hii, wanakwenda kliniki ya mbali wasikojulikana, nauli inawashinda, wanaacha dawa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za mtu mwenye virusi bila idhini yake. Hata isingekataza, mgonjwa alituambia ili tumwambie Mungu, hakututuma kwa jirani. Mwombeeni mtu kwa jina lake, ugonjwa mwachieni yeye autaje akitaka.

Tumeomba mwanze kwenda wawili wawili, mmoja wa maombi na mmoja wa mkoba. Ratiba iko kwa katibu. Nyumba za ng'ambo ya mto zitangulie, kabla maji hayajafunika daraja, na mwenye gambuti aje nazo. Mkifika, salimuni, ulizeni amelalaje, amekula nini, dawa zimebaki ngapi. Kama zinakaribia kwisha, hilo nalo ni ombi, liandikeni. Kisha ombeni. Msiwe warefu, mgonjwa anachoka.

MASWALI

Mzee mmoja aliuliza: Je, tuombe kwanza ndipo mgonjwa ameze dawa, au ameze kwanza?

Jibu: Mzee wetu, dawa nyingine humezwa na chakula. Kwa hiyo ombeeni chakula, ale, ameze. Akitaka mwimbe, imbeni wakati anameza.

Mama mmoja aliuliza: Na ikiwa tumeomba, na dawa amemeza bila kukosa siku hata moja, naye akafa? Mimi nilimzika mtoto hivyo.

Jibu: Mama, pole sana. Hatutakupa sababu, maana hatuna. Asikuambie mtu kwamba uliomba vibaya. Bwana Yesu alikuwa anakwenda kumfufua Lazaro na bado alisimama akalia pamoja na dada zake, hakuwahubiria wakati huo. Wenzetu wa vikundi, mkienda kwenye nyumba kama ya mama huyu, pelekeni kuni na maji, pikeni, ketini. Akitaka kuomba, ombeni. Akinyamaza, nyamazeni naye. Na juma la tatu, wageni wakishaondoka na masufuria yamerudishwa kwa wenyewe, rudini tena. Juma hilo ndilo nyumba inakuwa kimya kuliko yote.